Figo ya Bandia na Maji Yanayoiendesha

Mwili wa binadamu una viungo ambavyo mtu anaweza kuvikosa akaendelea kuishi, na vingine ambavyo vikisimama uhai nao husimama. Aliyekatwa mguu hutengenezewa mguu wa mti au wa plastiki, akarejea shambani au kazini. Moyo, mapafu, ini na figo havina mbadala rahisi wa namna hiyo, kwa kuwa kila kimoja hufanya kazi usiku na mchana bila ya kupumzika. Katika karne ya 20 madaktari na wahandisi walijitahidi sana kutengeneza mitambo ya kuchukua nafasi ya viungo hivyo. Mtambo uliofanikiwa kuliko yote ni figo ya bandia, yaani mashine ya kusafisha damu. Leo duniani watu zaidi ya milioni mbili wenye figo zilizokufa wanaendelea kuishi kwa msaada wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, na kuonyesha jambo ambalo watu wengi hawalitambui: kwamba uhai wa mgonjwa hautegemei mashine peke yake, bali hutegemea pia maji yanayopita ndani yake. Mfano utakaotumika ni wa mkoa wa Mtwara na pwani ya mlango wa mto Ruvuma. Mkoa huo uko mbali na Dar es Salaam, na sehemu zake za bara zimepata taabu ya maji kwa miaka mingi. Aidha, katika pwani yake mna mti ambao kwa asili yake hufanya kazi ile ile ambayo chumba cha kusafishia damu hulazimika kuifanya kwa pampu.

Kazi ya figo

Figo ni mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi ya mtu, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, huku na huku kwa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kwa siku moja figo za mtu mzima mwenye afya huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Kama majimaji hayo yote yangetoka nje ya mwili, mtu angekufa kwa kukaukiwa katika muda wa saa chache. Lakini mirija ya nefroni huyarudisha karibu yote katika damu, pamoja na sukari na chumvi zinazohitajika. Kinachobaki ni lita moja na nusu hivi, nacho ndicho mkojo.

Kwa njia hiyo figo huondoa takataka za mwili kama vile urea, husawazisha kiasi cha maji, sodiamu na potasiamu, na huzuia damu isiwe na asidi nyingi. Zaidi ya hayo, figo hutengeneza homoni iitwayo erithropoietini, inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Vile vile huigeuza vitamini D iwe katika hali inayoweza kuimarisha mifupa.

Figo zinaposhindwa, mwili huvimba, pumzi hubana, mgonjwa hutapika na akili yake huchafuka. Potasiamu ikizidi katika damu, moyo huweza kusimama ghafla.

Ni lazima kutofautisha kushindwa kwa figo kwa aina mbili. Aina ya kwanza huja ghafla, kwa mfano baada ya malaria kali, kuhara sana, au kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Figo hizo huweza kupona baada ya siku au majuma kadhaa, maadamu mgonjwa amevushwa salama katika kipindi hicho. Aina ya pili huja polepole, kwa miaka, hasa kwa sababu ya shinikizo la damu na kisukari. Figo zilizokufa kwa namna hiyo hazifufuki. Kwa mgonjwa wa kwanza mashine ni mkongojo wa muda. Kwa wa pili ni mkongojo wa maisha.

Safari ya uvumbuzi

Msingi wa figo ya bandia uliwekwa na mkemia Thomas Graham, aliyezaliwa Glasgow, Uskoti. Mwaka 1861 alieleza kwamba vitu vyenye molekuli ndogo, kama vile chumvi na urea, hupenya katika utando mwembamba, ambapo vitu vyenye molekuli kubwa huzuiliwa. Vitu hivyo vidogo hutoka penye wingi wake na kuelekea penye uchache, hata pande mbili zilingane. Mwaka 1913 John Jacob Abel na wenzake huko Baltimore, Marekani, waliitumia kanuni hiyo kusafisha damu ya mbwa, na mwaka 1924 Georg Haas aliijaribu kwa binadamu huko Giessen, Ujerumani. Lakini tando za wakati huo zilikuwa dhaifu, na dawa za kuzuia damu isigande zilikuwa na madhara.

Aliyefanikiwa ni daktari kijana wa Uholanzi, Willem Kolff, tena wakati nchi yake imekaliwa na majeshi ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Katika mji mdogo wa Kampen, Kolff alichukua mrija wa selofani, ambao wenye viwanda vya nyama waliutumia kutengenezea soseji, akauzungusha juu ya pipa la mbao. Sehemu ya chini ya pipa ilizama katika beseni la maji yenye chumvi. Damu ya mgonjwa ilipita ndani ya mrija huku pipa likizunguka, na urea ikatokea kwenye maji. Dawa ya heparini iliizuia damu isigande.

Kolff alianza kuwatibu wagonjwa mwaka 1943. Karibu wote wa mwanzo walikufa, kwani waliletwa kwake wakiwa mahututi. Mnamo Septemba 1945 mwanamke mwenye umri wa miaka 67, aliyekuwa amepoteza fahamu kwa sababu ya figo kushindwa ghafla, alizinduka baada ya kusafishwa damu, figo zake zikarudia kazi yake, naye akaishi miaka kadhaa zaidi. Baada ya vita Kolff alizigawa mashine zake kwa hospitali za nchi nyingine.

Hata hivyo, kila safari ya kusafisha damu ilihitaji kutoboa mishipa upya, na baada ya muda mishipa iliyofaa ilikwisha. Kwa sababu hiyo mashine iliwafaa wagonjwa wa aina ya kwanza tu. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mrija wa Teflon uliounganisha ateri na vena nje ya mkono, ukaachwa hapo daima. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 madaktari wa New York walionyesha njia iliyo bora zaidi: kuunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono, ili vena ipanuke na iweze kudungwa sindano mara nyingi. Njia hiyo ndiyo inayopendekezwa hadi leo.

Uvumbuzi wa Scribner ulileta swali ambalo sayansi peke yake haikuweza kulijibu. Kituo kilichofunguliwa Seattle mwaka 1962 kilikuwa na nafasi chache, na wenye kuhitaji walikuwa wengi. Kamati ya raia wa kawaida iliundwa ili ichague nani apewe nafasi, na kwa hiyo nani aachwe afe. Wanakamati walitazama umri wa mgonjwa, kazi yake, na watoto wanaomtegemea. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kugharimia matibabu hayo kwa karibu kila mgonjwa. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo swali lile bado lipo, ila hapana kamati inayoketi: umbali na ukosefu wa fedha ndivyo vinavyochagua.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Mashine ya leo haina pipa. Kichujio chake ni bomba la plastiki lenye urefu pungufu kidogo ya rula ya sentimita 30, na ndani yake mna maelfu ya nyuzi zilizo wazi katikati, kila moja nyembamba kama unywele. Damu hupita ndani ya nyuzi hizo, na maji maalumu hupita nje yake. Ukuta wa nyuzi ndio utando wenyewe: hupitisha urea na chumvi, huzuia protini na chembe za damu.

Damu na maji huelekezwa kwenda pande zilizo kinyume, kama ilivyo katika mashavu ya samaki, ambamo damu na maji hupishana. Kwa kupishana hivyo, damu inayokaribia kutoka, ambayo imebakiwa na urea kidogo, hukutana na maji mapya yasiyo na urea kabisa. Tofauti ya wingi hudumu kutoka mwanzo hadi mwisho wa kichujio, na usafishaji haukomi njiani.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kwa nini maji hayo yasiwe maji matupu? Sababu ni kwamba utando haujui kipi kibaya na kipi kizuri. Maji yangekuwa matupu, chumvi zote muhimu zingetoka katika damu pamoja na takataka, na chembe nyekundu zingevimba na kupasuka kwa osmosisi. Kwa hiyo maji hutiwa sodiamu na kalsiamu kwa kiasi kinachokaribia kile cha damu yenye afya, ili visitoke ovyo. Hutiwa potasiamu kidogo tu, ili iliyozidi itoke, na baikaboneti kwa wingi, ili iingie kupunguza asidi.

Safari moja huchukua kiasi cha saa nne, na mgonjwa huhitaji safari tatu kwa juma. Hizo ni saa 12 kati ya saa 168 za juma, yaani sehemu moja katika 14. Figo za asili hufanya kazi saa zote 168. Hesabu hiyo yaonyesha kwa nini mgonjwa wa mashine hupimiwa maji ya kunywa, na kukatazwa vyakula vyenye potasiamu nyingi, kama ndizi na maji ya dafu. Tena mashine haitengenezi homoni. Upungufu wa damu kwa wagonjwa hao ulikuwa tatizo kubwa mpaka erithropoietini iliyotengenezwa maabara ilipoidhinishwa mwaka 1989.

Maji: kiini cha mambo

Maji maalumu hupita katika kichujio kwa kasi ya kiasi cha mililita 500 kwa dakika. Kwa saa nne hizo ni lita 120. Kwa juma lita 360. Kwa mwaka zaidi ya lita 18,000 kwa mgonjwa mmoja. Mtu wa kawaida anayekunywa lita mbili kwa siku hutumia lita 14 kwa juma, na maji hayo hupita kwanza katika utumbo na ini. Maji ya mashine hayana kizuizi kingine ila utando mwembamba. Uchafu ambao hauwezi kumdhuru mnywaji waweza kumwua mgonjwa wa figo.

Mambo hayo yalijulikana kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970 wagonjwa waliosafishwa damu kwa miaka mingi katika miji kadhaa ya Marekani na Ulaya walishindwa kusema, wakapotewa na akili, na mifupa yao ikavunjika. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kimojawapo kikubwa kilikuwa aluminiamu, ambayo mitambo ya maji ya miji huitumia kutuliza tope. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, kaskazini-mashariki ya Brazili, ukame ulipunguza maji ya bwawa, na viumbe vidogo vya kijani na buluu vikazaliana humo na kutoa sumu ya ini. Maji hayo yalipelekwa kwa magari katika kituo cha kusafishia damu bila ya kutakaswa ipasavyo. Wagonjwa zaidi ya 50 walikufa. Mashine zenyewe hazikuwa na kasoro.

Ili kuepuka maafa ya namna hiyo, maji ya bomba hupitishwa kwanza katika vichujio vya kuondoa tope, kisha katika mkaa maalumu unaonasa klorini, kisha katika kifaa cha kuondoa chokaa. Mwisho husukumwa kwa pampu yenye nguvu kupita katika utando unaozuia chumvi. Kwa kawaida maji huvutwa na osmosisi kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Pampu huyalazimisha yaende upande ulio kinyume. Njia hiyo huitwa osmosisi kinyume.

Kanuni hiyo ilikuwako duniani kabla ya binadamu kutengeneza pampu. Katika mlango wa mto Ruvuma na ghuba ya Mnazi, eneo lililofanywa hifadhi ya bahari mwaka 2000, ipo misitu ya mikoko inayoota katika maji ya chumvi. Wenyeji wa pwani huijua miti hiyo kwa majina yake: mkoko wenye mizizi iliyosimama kama magongo, mchu, mkandaa na mlilana. Mchu huruhusu chumvi kiasi ipenye, kisha huitoa kwa majani, hata wakati wa ukavu chenga za chumvi huonekana juu ya jani. Mkoko huizuia zaidi ya tisa ya kumi ya chumvi pale pale mizizini. Mwanasayansi Per Scholander alieleza katika miaka ya 1960 kwamba jua linapokausha majani, maji yaliyo ndani ya shina huvutwa kwa nguvu inayozidi msukumo wa osmosisi wa maji ya bahari, ambao ni kama mara 25 ya kanieneo ya hewa. Maji hupenya utando wa mizizi, chumvi hubaki baharini. Mashamba ya chumvi ya pwani hiyo hulitumia jua lile lile kupata chumvi na kuyapoteza maji. Mkoko hulitumia kupata maji na kuiacha chumvi.

Mtwara na mtihani wake

Barabara ya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka mto Rufiji kwa pantoni, na wakati wa masika safari ilikuwa ya mashaka. Mgonjwa anayehitaji kusafishwa damu mara tatu kwa juma hawezi kusafiri umbali kama huo kila mara; hana budi kuhama na kuacha shamba lake la korosho na jamaa zake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa Mitengo, Mtwara, na kuzinduliwa rasmi Septemba 2023, ilikusudiwa kupunguza safari hizo za kutafuta matibabu ya kibingwa. Lakini hata ndani ya mkoa umbali ni mkubwa. Anayeishi Masasi, yapata kilomita 200 kutoka Mtwara mjini, akienda na kurudi mara tatu kwa juma atakuwa amesafiri kilomita 1,200.

Je, kwa nini mashine zisitawanywe katika kila wilaya? Jibu ni maji, umeme na mafundi. Katika nyanda za juu za Makonde mvua huzama upesi ardhini, na tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakipandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, huku wananchi wengi wakitegemea visima vya kukinga maji ya mvua. Karibu na bahari, visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa, na mara nyingine yenye chumvi. Maji ya namna hiyo hutakasika, lakini kila siku lazima awepo fundi wa kuyapima, na vichujio vya kubadilisha visikosekane. Umeme nao ukikatika, damu ya mgonjwa imo katika mirija. Mtwara ina bahati ya gesi ya ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982 na ambayo baadaye ilianza kuzalisha umeme, lakini chumba cha kusafishia damu hakikosi kuwa na jenereta yake.

Ipo njia nyingine isiyohitaji mashine wala maji mengi hivyo. Utando unaozunguka matumbo ndani ya fumbatio nao hupitisha urea. Daktari huingiza maji safi ya chumvi na sukari tumboni kwa mrija, huyaacha kwa saa kadhaa, kisha huyatoa pamoja na takataka. Hospitali ya KCMC, Moshi, imeitumia njia hiyo kuwaokoa wagonjwa, wakiwemo watoto, ambao figo zao zilishindwa ghafla. Kwa mahali penye malaria nyingi na umbali mrefu, njia hiyo yastahili kupewa uzito.

Viungo vingine na upandikizaji

Kolff mwenyewe alihamia Marekani mwaka 1950, na baadaye akaongoza utafiti wa moyo wa bandia huko Utah. Mnamo Desemba 1982 mgonjwa Barney Clark alitiwa moyo wa bandia uitwao Jarvik-7, akaishi siku 112. Mpaka leo moyo kamili wa bandia hutumika hasa kumvusha mgonjwa hadi apate moyo wa mtu mwingine. Vifaa vidogo zaidi, kama vali za moyo za bandia na betri za kuongoza mapigo, ndivyo vilivyoenea, na katika Tanzania huwekwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kwa figo, tiba iliyo bora kuliko mashine ni kupandikiza figo ya ndugu. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, mwaka 1954, kati ya ndugu mapacha. Tanzania iliuanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Mwenye figo mbili zenye afya aweza kutoa moja akaishi vyema, baada ya kupimwa kwa uangalifu. Aliyepokea hana budi kumeza dawa maisha yake yote ili mwili usiikatae figo ngeni.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuionyesha kanuni ya Graham kwa vifaa vya kawaida. Pika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uache upoe, kisha utie kiasi cha vijiko vitatu katika kifuko cha nailoni nyembamba ya kufungia vyakula. Funga barabara na usuuze nje. Tumbukiza kifuko katika bilauri ya maji yaliyotiwa matone kumi ya dawa ya ayodini. Baada ya nusu saa hivi uji utageuka buluu iliyokoza, lakini maji ya nje hayatageuka. Ayodini, yenye molekuli ndogo, imepenya. Wanga, wenye molekuli kubwa, umezuiliwa. Wanafunzi waulizwe: kati ya vitu hivyo viwili, kipi ni mfano wa urea na kipi ni mfano wa protini? Kisha wakadirie kingetokea nini kama nailoni ingekuwa na tundu. Mchanganyiko huo usionjwe.

Kuzilinda figo tulizo nazo

Mashine ya kusafisha damu ni ushindi mkubwa wa sayansi, lakini hufanya sehemu tu ya kazi ya viungo viwili vilivyo sawa na ngumi, tena kwa kutumia zaidi ya lita 18,000 za maji kwa mwaka. Kwa hiyo kinga ni lazima itangulie. Shinikizo la damu halina maumivu, na hugunduliwa kwa kupimwa tu. Vivyo hivyo kisukari katika hatua zake za mwanzo. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana katika mikoa ya kusini, huweza kuziba njia za mkojo na kuharibu figo, nacho hutibika kwa dawa ya vidonge. Mtoto mwenye homa apimwe malaria mapema. Dawa kali za maumivu zisimezwe siku nyingi mfululizo bila ya ushauri wa mganga. Na shule yenye kipimo cha shinikizo la damu yaweza kuwaalika wazazi wakapimwa siku ya mkutano wao, kwa kuwa wengi wenye ugonjwa huo hawajui kwamba wanao.